Wanawake mnaolala gesti peke yenu: nani anajua uko chumba namba ngapi?

MamaVitenge_Songea (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Uzi huu ni wa wanawake wanaosafiri na kulala peke yao: wanaokwenda Kariakoo kufuata mzigo, walimu na manesi wanaoripoti vituo vipya, wakaguzi wa hesabu, wanaoitwa semina Dodoma. Wanaume karibuni pia. Ila yule wa "mwanamke anasafiri peke yake anatafuta nini" apite tu, nyuzi zake zimejaa humu.

Kila nikisoma ushauri juu ya jambo hili naona ni yale yale: beba pilipili ya kupulizia, usivae hivi, usichelewe kurudi. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge. Nalala Dar, Mbeya, Tunduma, na kwa ninavyoona hatari yetu haianzii mlangoni. Inaanzia mapokezi, kwenye lile daftari.

Mnalijua. Daftari kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: jina kamili, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya simu, namba ya chumba, sahihi. Kalamu imefungwa kwa kamba isiibwe, lakini daftari lenyewe liko wazi kaunta kutwa kucha. Anayefika nyuma yako anaandika chini ya mstari wako, na huku anaandika anasoma. Akirudisha kalamu ameshajua chumba namba 7 kuna mwanamke, yuko peke yake, katoka Songea, ni mfanyabiashara (yaani ana hela taslimu), na simu yake hii hapa.

Nimeshapigiwa saa tano usiku na mtu nisiyemjua. "Mambo dada, mimi jirani yako wa namba 9, nimeona tunaelekea njia moja." Sauti ya upole kabisa. Asubuhi namuuliza dada wa mapokezi, anacheka: "Aaah, yule kaka hana neno, ni mteja wetu wa siku nyingi."

Makomeo na vitasa tutavifikia. Kwanza nataka kujua: mnafanyaje ili watu wasijue mko chumba gani?

---

Ngoja_Waje

Nimekaa pale kwenye benchi na kahawa yangu, wenye uzoefu waje.

---

Dada_Mkaguzi

Mama Vitenge umegusa penyewe. Kazi yangu ni kuzunguka halmashauri, nalala popote.

Kwenye daftari naandika herufi ya kwanza ya jina na ukoo: "R. Mwakalinga" hakuambii kama ni Rehema au Richard (hilo siyo jina langu, msihangaike). Kabila naacha wazi, na hakuna aliyewahi kunirudisha. Kazi naandika "mtumishi". Namba ya simu naweka ya mezani ya ofisi. Kama ni lazima iwe ya kwangu, namwambia mhudumu aiandike kwenye stakabadhi yake, daftarini aweke kistari.

Kubwa zaidi ni namba ya chumba isitamkwe. Unafika kaunta, nyuma yako kuna watu wanne wametoka kwenye basi moja na wewe, mhudumu anapaza sauti: "Juma, mpeleke dada namba kumi na mbili!" Hapo hapo naomba kingine. Sigombi. Nasogea karibu, namwambia polepole sikitaki kile, nipe kingine na uniandikie kwenye karatasi. Wengi wanaelewa wakishaambiwa mara moja. Asiyeelewa nachukua begi langu, maana mtu asiyeelewa hilo saa mbili usiku hataelewa lolote saa nane.

---

KijanaWaMapokezi

Dada zangu shikamooni. Mimi nafanya kazi mapokezi, loji moja Morogoro karibu na stendi ya Msamvu. Niwaeleze mambo yalivyo upande wa ndani wa kaunta, jina la loji halihusiki.

Daftari hatulipendi hata sisi. Polisi wanaweza kuja kulikagua, serikali ya mtaa nao. Usipokuwa nalo ni kosa lako. Lakini sijawahi kuambiwa na askari yeyote kwamba likae wazi. Linakaa wazi kwa uvivu, basi.

Sasa nawapa yale ambayo hamyaoni.

Bodaboda anayekuleta usiku analipwa na sisi. Elfu moja, elfu mbili, inategemea na loji. Ndiyo maana ukimtajia loji yako anakwambia "pale pamejaa" au "pale pana kunguni". Haina maana kwamba ni mtu mbaya, anatafuta riziki. Ila anabaki pale mapokezi akisubiri chake, na anaona umepelekwa upande gani.

Ule ubao wa funguo nyuma yetu, wenye misumari na namba, unasomeka kutoka nje. Ufunguo ukining'inia maana yake mgeni katoka, usiponing'inia yumo. Ukiacha ufunguo kaunta unapokwenda kula, umewatangazia wote waliokaa hapo kwamba chumba ni kitupu, na ukirudi umewatangazia kwamba umo.

La tatu ndilo linanikera hata mimi. Mgeni akiondoka na ufunguo kwa bahati mbaya, na inatokea sana kwa sababu ya mabasi ya alfajiri, hatubadilishi kitasa. Tunachukua ule wa akiba, tunampelekea fundi wa barabarani, anachonga mwingine, maisha yanaendelea. Kwa hiyo kuna watu huko Singida na Tabora wana ufunguo wa chumba utakacholala leo, una kibao cha mbao chenye namba, na jina la loji limeandikwa nyuma yake.

Komeo la ndani ndilo lako peke yako. Chumba kisicho na komeo kikatae. Hatununi, tumezoea kubadilisha vyumba kwa sababu ya feni mbovu, seuze komeo.

---

Ngoja_Waje

Huko Singida na Tabora 😂😂 Mimi ninazo mbili kwenye kabati hapa. Siombwi?

---

KijanaWaMapokezi

@Ngoja_Waje zirudishe mkuu, sisi ndio tunakatwa mshahara.

---

Mzee_wa_Busara

Wanangu, mnatishana bure. Nimelala gesti za nchi hii tangu enzi za mabasi ya kulala njiani na sijaona mwanamke aliyevamiwa. Wengi wanalala salama, asubuhi wanakunywa chai wanapanda basi. Mkisoma uzi huu mtalala macho kama bundi.

---

MamaVitenge_Songea

Mzee wangu marahaba na heshima zako. Ni kweli wengi wetu tunaamka salama, mimi mwenyewe naamka salama. Lakini kuna kitu wewe hukioni kwa sababu hakikutokei. Hajakugongea mtu saa sita akisema kaleta sabuni. Hujaulizwa na mhudumu "unamsubiri nani?" wakati umekuja na begi moja na stakabadhi za Kariakoo. Hivyo vyote havifiki polisi, havihesabiwi popote, lakini ndivyo vinavyotufanya tulipe chumba cha elfu hamsini wakati mwenzangu mwanamume analala cha elfu kumi na tano na faida yake inabaki mfukoni.

---

Binti_wa_Ujiji

Hapo kwenye "unamsubiri nani" nimecheka kwa uchungu. Ukija na mume wako wanataka kujua kama ni mume kweli, ukija peke yako wanataka kujua yuko wapi.

Mimi najibu: "Mume wangu anapaki gari." Kwisha habari.

---

Dada_Mkaguzi

Hiyo ya mume inafaa kwa bodaboda na kwa jirani wa korido. Kwa mapokezi siitumii tena, kuna sehemu wanakudai bei ya watu wawili na daftari linataka jina lake. Halafu usiku ukipata shida kweli, wanasema "si yupo na mumewe", hakuna anayejisumbua kuja.

Ninachofanya ni kupiga simu mbele ya mhudumu, sauti ya kawaida: "Nimefika, niko loji fulani, dada aliyenipokea anaitwa fulani, kesho saa kumi na mbili nitakupigia." Hata kama simu imezimika chaji. Mtu akijua jina lake limeshatajwa kwingine anakuwa makini zaidi. Namba ya chumba sitaji hapo. Namtumia dada yangu kwa ujumbe baadaye.

---

Fundi_Vitasa_Mwanza

Nimesubiri mfike kwangu. Mimi ni fundi wa milango na vitasa, gesti nyingi za hapa Nyegezi na Buzuruga nimezifungia mimi au nimezitengeneza baada ya kuvunjwa. Soma taratibu.

Kitasa cha kawaida cha ufunguo mrefu: funga, halafu ufunguo uache tundu la ndani, ukiwa umeuzungusha kidogo usikae wima. Hapo anayekuja na ufunguo wa akiba kwa nje hauingii, na akijaribu kuusukuma wa kwako utoke, haudondoki kwa sababu meno yamekaa upande. Bure kabisa, na inafanya kazi kuliko vitu vingi vya dukani. Lakini vipo vitasa vya silinda ambavyo ufunguo wa nje unaingia hata wa ndani ukiwemo. Ukifika jaribu kuvielewa mchana, usisubiri usiku.

Komeo usiliangalie kwa macho, lishike. Vuta. Wenye gesti wengi wananunua komeo zuri halafu wanalifunga na skrubu fupi kama kucha kwenye fremu ya mbao laini. Nimekuta makomeo yamegongewa misumari. Teke moja na linatoka lote na rangi yake. Komeo linalocheza ukilivuta kwa mkono ni pambo.

Kabari ni rafiki yako. Kipande cha mbao kilichochongwa mshazari, fundi seremala atakuchongea kwa buku, unakisukuma chini ya mlango kwa ndani. Lakini mlango uwe unafungukia ndani! Nimeona mama mmoja kaweka kabari kwenye mlango unaofungukia koridoni, amelala kwa amani kabisa. Na sakafu ya vigae inateleza, bandika chini kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli.

Madirisha. Yale ya vioo vya kupachika, vinavyofunguka kama mbavu, kioo kimoja kimoja kinachomolewa kwa nje bila kelele kama hakuna nondo. Yale mapya ya aluminiamu ya kuteleza, kile kifungio cha katikati ni cha plastiki, kata fimbo ya ufagio ilale kwenye reli ya chini, halifunguki. Chumba cha chini kinachotazama uchochoro, bila nondo: usichukue hata kwa bure.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Nondo zikiwepo, mlango ndio njia yako pekee moto ukitokea. Kwa hiyo usijifungie kwa kufuli lako na ufunguo ukauweka kwenye begi, begi kabatini. Ufunguo ubaki mlangoni, tochi ikae kichwani mwa kitanda, kabari iwe ya kuvutwa na mkono mmoja. Kabla hujalala fungua na ufunge ukiwa umefumba macho, uone kama unaweza. Moshi hauleti taa.

---

Binti_wa_Ujiji

Fundi, ubarikiwe. Na zile gesti za zamani ambazo ukuta wa chumba haufiki juu? Unasikia jirani anakoroma, ukiangalia juu kuna uwazi hadi bati.

---

Fundi_Vitasa_Mwanza

@Binti_wa_Ujiji hizo hakuna komeo la kusaidia, mtu anapanda tu. Na choo cha nje cha pamoja ukuta wake nao uko hivyo hivyo, simu inapitishwa juu. Kama huna namna, oga mchana wakati wahudumu wa usafi wapo, na chagua chumba cha pembeni ambacho upande mmoja hakina jirani.

---

Mtoto_wa_Kompyuta

Niongezee upande wa hoteli za kadi, maana naona watu wanadhani ukishapewa kadi umemaliza.

Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa Marekani alionyesha mbele ya umati wa wataalamu kwamba vitasa vya Onity, vilivyokuwa kwenye mamilioni ya milango ya hoteli duniani, vinafunguka kwa kifaa cha kutengeneza mwenyewe kinachochomekwa kwenye tundu dogo chini ya kitasa. Haikupita muda vyumba vikaanza kuibiwa Texas na kwingine kwa njia hiyo hiyo.

Machi 2024 ikaja nyingine. Watafiti walitangaza udhaifu wa vitasa vya Saflok vya kampuni ya dormakaba: zaidi ya milango milioni 3, nchi 131. Unachukua kadi yoyote ya hoteli ile, hata iliyokwisha muda, unatengeneza kadi mbili za kughushi, ya kwanza inachezea kumbukumbu ya kitasa, ya pili inafungua. Kampuni ilikuwa imeambiwa tangu Septemba 2022, na siku inatangazwa hata nusu ya milango ilikuwa haijarekebishwa. Kinachouma zaidi ni kwamba lile komeo la kuzungusha kwenye vitasa hivyo nalo linatii kadi, kwa hiyo unajiona umejifungia kumbe bado. Kilichobaki ni mnyororo wa mlangoni, au kabari ya fundi.

Pia kuna waya wa kupitisha chini ya mlango. Unapinda juu, unashika mkono wa kitasa kwa ndani, unavuta, mlango unafunguka wenyewe kwa sababu milango ya hoteli kwa ndani haihitaji ufunguo. Dawa yake ni kukunja taulo ukalizungushia huo mkono, waya ukose pa kushika, na jingine ukaliziba chini ya mlango.

Kamera za siri je? Korea Kusini, Machi 2019, polisi walisema watu kama 1,600 walirekodiwa kwenye vyumba vya hoteli ndogo 30 katika miji 10 na kurushwa moja kwa moja mtandaoni kwa malipo. Kamera zilikuwa kwenye vifaa vya televisheni, soketi za ukutani, vishikio vya mashine za kukaushia nywele. Zima taa, washa tochi ya simu, pitisha polepole kwenye kila kitu kinachotazama kitanda na bafu. Lenzi inarudisha nukta ndogo ya mwanga. Kitu chenye soketi usichokielewa, chomoa au funika na khanga.

---

MamaVitenge_Songea

@Mtoto_wa_Kompyuta asante mwanangu, lakini sisi wa gesti ya elfu ishirini kamera hawana hela ya kununua. Sisi tunatobolewa dari. 😅 La taulo nimelichukua.

---

Mswahili_Nashville

Nasoma huu uzi nikiwa Tennessee, na mwanzisha uzi hata hajui ameielezea kesi moja kubwa ya mji huu ninaoishi.

Septemba 2008 mtangazaji wa michezo Erin Andrews alilala hoteli moja hapa Nashville. Jamaa aliyekuwa anamfuatilia alipiga simu hotelini akajua anakuja, akaomba chumba cha pembeni mwa chumba chake, akapewa. Hakuna aliyemuuliza mwanamke mwenyewe. Akachezea tundu la kuchungulia la mlango wa yule dada, akamrekodi kwa nje akiwa anabadilisha nguo, video ikaenea mtandaoni 2009. Jamaa alifungwa miezi 30.

Machi 2016 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likampa Erin dola milioni 55. Angalieni mgawanyo: mhalifu asilimia 51, wamiliki na waendeshaji wa hoteli asilimia 49. Yaani karibu nusu ya kosa aliwekewa aliyetoa chumba cha jirani.

Huku hoteli nyingi siku hizi mhudumu anaandika namba ya chumba ndani ya bahasha ndogo ya kadi, anakusogezea, anakuonyesha kwa kidole. Haitamki. Na tundu la kuchungulia likiwa wazi nabandika plasta ya kidonda, naitoa nikitaka kuona nani anagonga.

---

Shiru_wa_Thika

Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mnaongea mambo ya mapokezi, sisi tuna shida ya mahali pasipo na mapokezi kabisa.

Januari 2024 wasichana wawili waliuawa Nairobi, siku chache tu kati yao, wote katika nyumba za kukodi kwa siku: mmoja South B, mwingine Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo tuliandamana Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine. Hakuna kitasa ambacho kingewasaidia, kwa sababu hawakuvunjiwa mlango. Kila mmoja inasemekana aliuawa na mtu aliyekuwa naye humo ndani.

Kwenye hizi nyumba unatumiwa ujumbe, "ufunguo uko kwa soja" (mlinzi), au kuna kisanduku cha namba mlangoni na hiyo namba haibadilishwi miezi. Hakuna anayekuona ukiingia, hakuna atakayeuliza usipotoka. Watu wanazipenda kwa sababu ya hiyo faragha.

Kwa hivyo mimi nasema gesti yenye daftari la umbea, hata kama inaudhi, wakati mwingine ni afadhali. Angalau kuna mama anayekuona. Kama ni lazima ulale kwa nyumba ya siku, tafuta jengo lenye soja anayeandika wanaoingia, msalimie, mjue. Na mtu mnayejuana kwa simu tu mkutane mkahawani, asijue unalala wapi. Kinywaji chako usikiache mezani, hapa kwetu kuwekewa mchele (dawa ya kulevya kwenye kinywaji) si hadithi.

Ukipata shida Kenya nambari ni 1195, ya bure, saa zote, ya mambo ya ukatili wa kijinsia. Polisi ni 999 au 112.

---

Mzee_wa_Busara

Hili la binti wa Thika nimelisoma mara mbili. Kumbe wanaoogopwa kwenye uzi huu ni watu msiowajua, na wanaoua ni wale mliowakaribisha wenyewe. Sikubaliani na kila kitu humu lakini hapa sina la kusema.

---

Pacha_wa_Tunduma

Mbona hakuna aliyezungumzia ile dawa ya kupulizia chini ya mlango? Watu wanalala fofofo, wanaamka wameibiwa kila kitu na kufanyiwa mambo. Shangazi yangu anaweka ndoo ya maji chumbani, anasema maji yanavuta ile dawa.

---

Nesi_Kanda_ya_Ziwa

@Pacha_wa_Tunduma nimefanya kazi chumba cha upasuaji, nikujibu kwa upendo: hiyo dawa haipo kwa namna mnayoisimulia. Kumlaza mtu mmoja tu tunatumia mashine, vipimo na mtaalamu wa usingizi aliyesimama kichwani mwake muda wote, kwa sababu kidogo hailazi na nyingi inaua. Kujaza chumba chenye madirisha na uwazi juu ya ukuta ungehitaji mitungi na mitungi, anayepuliza naye angelala hapo koridoni, na kati ya waliolazwa wengine wasingeamka. Madaktari wa usingizi Uingereza nao walishatoa tamko hilo hilo kuhusu watalii wanaodai kupuliziwa kwenye magari yao. Ndoo ya shangazi ifulie.

Dawa za kweli ni za kumeza: soda uliyofunguliwa na mwingine, juisi ya "karibu mgeni", chipsi zilizoletwa na jirani. Ukiamka hukumbuki kitu, anza kufikiria ulikunywa nini na nani.

Na hili msikilize hata kama mtasahau mengine yote. Ikitokea mwanamke ameingiliwa kwa nguvu, saa 72 ndizo zinazohesabika. Ndani ya muda huo anapewa dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Za kuzuia mimba zinafika hadi siku tano lakini mapema ndiyo bora. Asioge, asifue nguo, azibebe kwenye mfuko wa karatasi, plastiki inaozesha ushahidi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, humo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja. PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) ni muhimu kwa kesi, lakini asikae kituoni kutwa akiisubiri wakati saa zinakwenda. Akifika polisi aulize Dawati la Jinsia na Watoto, asieleze habari zake mbele ya kaunta nzima. Simu ya dharura kwa Tanzania ni 112.

Wengi hawaji kwa sababu wanaogopa swali la "ulikuwa unafanya nini gesti". Mimi sijawahi kumuuliza mgonjwa swali hilo na wenzangu wanaouliza nawakemea mbele yake.

---

Zuhura_wa_Stendi

Ongezeni hili, fupi: siku hizi mabasi yanatembea usiku kucha, unaweza kushushwa mji usioujua saa tisa alfajiri. Usiondoke stendi. Kaa penye taa na mama ntilie, subiri kuche. Gesti ya saa tisa usiku inayochaguliwa na bodaboda ndiyo inayoleta balaa.

Na ukitaka kujua gesti ikoje usimuulize wa mapokezi, muulize dada wa usafi. Anajua nani anakorofisha, mlango gani ulivunjwa, meneja gani anagongea wateja. Mpe elfu moja ya sabuni na umsalimie kwa jina, utahamishwa chumba kabla hujaomba.

---

Wakili_Mtarajiwa

Kuhusu daftari, nashangaa hakuna aliyetaja sheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa azikusanye kwa sababu halali na azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Jina, simu na namba ya chumba cha mwanamke kuwekwa wazi kaunta ni kinyume cha hilo, sioni ubishi. Serikali ikitaka kukagua ni haki yake. Mgeni wa namba 9 siyo serikali. Malalamiko yanapelekwa kwenye Tume.

---

MamaVitenge_Songea

Wakili, hii ndiyo ya kuprinti. Nitakuwa nayo kwenye mkoba, mhudumu akininunia namwekea kaunta. Kulalamika Tume kwa ajili ya gesti ya Tunduma sijui kama nitafika, ila wenye loji wanaogopa karatasi yenye nembo kuliko wanavyotuogopa sisi.

---

KijanaWaMapokezi

Mrejesho wadau. Nimemsomea bosi sehemu ya wakili. Amenuna, halafu amekubali. Kuanzia leo kila mgeni anajaza karatasi yake mwenyewe, inaingia droo, usiku nahamishia daftarini na daftari linakaa kabatini na kufuli. Ubao wa funguo nimeugeuzia ndani ya mlango wa stoo.

---

Dada_Mkaguzi

Safi sana kijana. Na zile karatasi baada ya kuhamishia daftarini zinakwenda wapi?

---

KijanaWaMapokezi

Kuna mama anauza karanga hapo nje, aliziomba za kufungia.

---

MamaVitenge_Songea

Kijana. Kanunue kiberiti sasa hivi.